Timu ni Mali ya Nani? Michezo ya Marekani na Michezo ya Mataifa Mengine

(Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya desturi za michezo katika nchi ya Marekani)



Hapana mchezo uliotembea ulimwenguni kama mpira wa miguu. Kijana wa Kisumu na kijana wa Rio de Janeiro hawajuani lugha, lakini wakitupiwa mpira uwanjani wataelewana mara moja. Hata hivyo liko taifa moja kubwa, lenye watu zaidi ya milioni 300, ambalo lilijichagulia njia yake lenyewe. Taifa hilo ni Marekani. Kwa Mmarekani, jina la mpira wa miguu ni jina la mchezo mwingine kabisa. Mpira wake umechongoka pande mbili, hushikwa mikononi, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kinga za mabega kama askari wanaokwenda vitani. Mchezo huo katika mazungumzo haya utaitwa futiboli, ili usichanganywe na mpira wa miguu unaojulikana kwa wote.

Watu wengi hudhani kwamba tofauti yenyewe ndiyo hiyo tu, yaani wengine hupiga mpira kwa mguu na wengine huukamata kwa mkono. Lakini tofauti hiyo ni ya juu juu. Iliyo kubwa zaidi hujulikana kwa kuuliza maswali matatu: Timu ni mali ya nani? Mshindwa hufanywa nini? Na kijana mwenye kipawa hulelewa wapi? Mtu akiyajua majibu ya maswali hayo, ataelewa mambo mengi ya Wamarekani, na pengine ataitazama klabu ya mji wake kwa macho mapya.

ASILI YA MICHEZO YAO

Katika karne ya kumi na tisa mabaharia, walimu, wafanya biashara na watu wa reli kutoka Uingereza waliueneza mpira wa miguu na kriketi katika pembe nyingi za dunia. Walipofika nao Marekani walikuta watu wamekwisha kushikwa na mchezo mwingine, nao ni besiboli, ambao mpira hupigwa kwa gongo na mpigaji hukimbia kuzunguka vituo vinne. Mwaka 1869 timu ya mji wa Cincinnati ilitangaza waziwazi kwamba wachezaji wake wote hulipwa mshahara, na mwaka 1876 ligi ya besiboli ya taifa iliundwa. Mwaka ule ule wa 1869, tarehe 6 Novemba, wanafunzi wa vyuo vya Rutgers na Princeton walicheza mchezo uliokaribiana sana na mpira wa miguu wa Kiingereza. Lakini sheria zake zilibadilishwa mwaka baada ya mwaka, mpaka ukazaliwa mchezo wa futiboli.

Mchezo mwingine wa Wamarekani ulibuniwa na mwalimu mmoja. Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, James Naismith, mzaliwa wa Canada, aliagizwa kutafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya matunda, kila kimoja kwa kimo cha futi 10, akawapa vijana mpira wautie humo. Hivyo ndivyo ulivyoanza mpira wa kikapu. Miaka minne baadaye, katika mji wa Holyoke ulio jirani, William Morgan alibuni mpira wa wavu. Basi shule nyingi za Kenya ambazo watoto wake hucheza mpira wa kikapu na wa wavu zimerithi michezo miwili ya Kimarekani, pengine bila kujua.

MSHINDWA HASHUKI

Mwaka 1888 klabu 12 za Uingereza ziliungana kuunda ligi ya kwanza ya mpira wa miguu. Haukupita muda mrefu ikaongezwa daraja ya pili, na desturi ikawa kwamba anayeshika mkia hushuka, na anayefanya vema chini hupanda. Desturi hiyo imeenea Ulaya, Amerika ya Kusini na Afrika. Kenya na Tanzania ni hivyo hivyo. Ni kama ngazi ambayo kila klabu imesimama juu ya kidato chake, na hapana aliyeahidiwa kubaki alipo. Klabu ya Leicester City ilikuwa katika daraja ya tatu mwaka 2009. Mwaka 2014 ilipanda hadi ligi kuu, na mwaka 2016 ilitwaa ubingwa wa Uingereza mbele ya matajiri wote. Lakini mwaka 2023 bingwa huyo alishushwa tena. Ngazi haina upendeleo.

Katika ligi kubwa za Marekani ngazi hiyo haipo. Ligi kuu ya futiboli ina timu 32, na timu itakayoshindwa michezo yote itakuwamo mwaka ujao kama kawaida. Zaidi ya hayo, mshindwa hutuzwa! Kila mwaka vijana bora wanaotoka vyuoni hugawiwa timu kwa zamu, na timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia katika kuchagua. Shauri hilo lilitolewa na Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia, na likaanza kutumika mwaka 1936. Kijana wa kwanza kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata siku moja katika ligi hiyo.

Watu wa Afrika ya Mashariki wana mfano wao wa desturi hiyo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisoma na kucheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwezi wa Juni 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka huo, na timu iliyomchukua ni ya mji wa Memphis. Katika Ulaya kijana wa namna hiyo angesikiliza klabu kadha wa kadha na kwenda kwa ile aipendayo. Katika Marekani kijana hachagui timu; timu ndiyo humchagua yeye.

Hapa pana jambo la kushangaza. Marekani ni nchi inayosifu biashara huria kuliko nchi nyingi, lakini katika michezo matajiri wake hugawana kama wanachama wa chama cha ushirika. Tangu mwaka 1961 sheria inaruhusu timu za ligi kuuza kwa pamoja haki ya michezo yao kuonyeshwa katika televisheni, na ligi ya futiboli hugawa fedha hizo sawasawa, timu ya mji mdogo kama ya jiji kubwa. Tangu mwaka 1994 ligi hiyo imewekewa pia kipimo cha mishahara ambacho timu haipaswi kukipita. Katika Ulaya, kwa upande mwingine, mwenye nguvu humeza, na klabu chache tajiri zimezoea kutwaa vikombe mwaka hata mwaka.

Matunda ya mpango wa Wamarekani yaonekana katika Green Bay, mji wenye watu laki moja na kidogo tu. Timu yake ilianzishwa mwaka 1919, na tangu mwaka 1923 imekuwa mali ya wananchi wenyewe. Wenye hisa sasa ni zaidi ya nusu milioni. Hawapati faida yo yote ya fedha, ila wana fahari ya kusema kwamba timu ni yao. Timu hiyo ya mji mdogo imeshinda ubingwa mara nyingi mbele ya New York na Chicago. Lakini ni hiyo moja tu. Sheria za ligi haziruhusu tena timu nyingine kumilikiwa namna hiyo.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Wamarekani wamepata taabu ya namna nyingine, nayo ni mshindani anayekubali kushindwa upesi mno. Kwa kuwa wa mwisho hashuki, na tena hupata nafasi ya kuchagua kijana hodari, baadhi ya timu zimelaumiwa kwamba hazikujitahidi kushinda. Ndiyo sababu ligi ya mpira wa kikapu huweka bahati nasibu katika zamu za kuchagua, na mwaka 2019 iliipunguzia timu ya mwisho bahati yake, ili kushindwa kusiwe biashara.

TIMU INAYOHAMA USIKU

Sasa yafaa kuliangalia swali la mwenye timu, maana hapo ndipo machozi ya watu yalipomwagika.

Ukiiacha Green Bay, timu kubwa za Marekani ni mali ya mtu mmoja au ya kundi la matajiri, na mwenye mali, kwa ruhusa ya wenzake wa ligi, aweza kuihamisha kama mtu ahamishavyo duka. Katika Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, palikuwa na timu ya besiboli iliyopendwa sana na watu wa kazi. Ndiyo iliyomwingiza Jackie Robinson uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, akawa Mwafrika wa Marekani wa kwanza katika ligi kubwa za besiboli za zama hizi, baada ya ubaguzi uliodumu zaidi ya miaka 50. Mwaka 1955 timu hiyo ilichukua ubingwa. Miaka miwili tu baadaye mwenyewe aliihamishia Los Angeles, upande wa pili wa bara, na mwaka 1960 uwanja wake wa zamani ukavunjwa ili zijengwe nyumba.

Mambo ya Baltimore yalikuwa ya ajabu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, wakati wakubwa wa jimbo wakitengeneza sheria ya kuizuia timu ya futiboli isiondoke, malori yalipakia vyombo vyote vya timu yakaenda Indianapolis gizani. Watu walipoamka, timu yao ilikuwa ya mji mwingine. Mji wa Baltimore ulikaa miaka 12 bila timu. Ulipopata nyingine, mwaka 1996, uliipata kwa kuichukua timu ya Cleveland. Basi kilio kikahamia huko. Watu wa Cleveland walipigania haki yao mahakamani, wakaruhusiwa kubaki na jina, rangi na kumbukumbu za timu, na mwaka 1999 ligi ikawapa timu mpya.

Huenda msikilizaji akauliza, je, mambo haya hayatokei kwingine? Yametokea Uingereza, na habari yake yaonyesha tofauti waziwazi. Klabu ya Wimbledon, ya kusini ya London, iliruhusiwa mwaka 2002 kuhamia mji wa Milton Keynes, kiasi cha kilomita 90 kutoka kwao. Washabiki hawakungoja huruma ya mtu. Mwaka ule ule waliunda klabu yao wenyewe, wakawajaribu wachezaji katika uwanja wa wazi wa watu wote, wakaanza katika ligi za chini, mbali sana na wakubwa. Mwaka 2011 walifika katika ligi ya wanaolipwa. Mwaka 2016 walipanda tena, wakawa daraja moja na klabu iliyowahama. Mwaka 2020 wakarudi kucheza katika mtaa wao wa zamani.

Jambo hili lafaa kufikiriwa. Watu wa Wimbledon na watu wa Baltimore walipata msiba mmoja, na mapenzi yao kwa timu zao yalikuwa sawa. Kilichowatenga ni ngazi. Mwingereza aliyenyang'anywa klabu aliweza kuanza chini akapanda kwa jasho lake. Mmarekani hakuwa na mahali pa kupanda. Ilimbidi akae mlangoni, angoje matajiri wa ligi wamfungulie.

Ndiyo sababu pia, tarehe 18 Aprili 2021, klabu 12 tajiri za Uingereza, Hispania na Italia zilipotangaza kuunda ligi yao ambayo waanzilishi wake hawangeshuka kamwe, watu walihamaki. Baadhi ya klabu hizo zilikuwa mali ya Wamarekani, na mpango wenyewe ulifanana na ule wa kwao. Washabiki walijaa nje ya viwanja, mawaziri walinena, wachezaji wenyewe walikataa. Kabla ya siku tatu kupita, klabu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Hawakuukataa utajiri, utajiri ulikuwamo zamani. Walikataa kuvunjwa kwa ngazi.

DESTURI ZA UWANJANI

Ziko desturi nyingine ndogo ambazo mgeni huziona mara moja. Mmarekani hapendi mchezo uishe sare. Besiboli na mpira wa kikapu huongezwa muda mpaka mmoja ashinde. Saa ya futiboli husimamishwa mara kwa mara, na nafasi hizo hutumiwa kutangaza biashara katika televisheni, hata mchezo wa dakika 60 huchukua saa tatu. Kabla ya kuanza, wimbo wa taifa huimbwa hata kama timu zote mbili ni za nchi ile ile. Desturi hiyo ilipata nguvu wakati wa vita kuu mbili za dunia. Tena mashindano ya mwisho ya besiboli yameitwa ya dunia tangu mwaka 1903, ingawa wanaoyashindania ni timu za Marekani na, kwa miaka ya karibuni, za Canada.

KIJANA HULELEWA WAPI

Katika Ulaya kijana mwenye kipawa huchukuliwa na klabu tangu utoto. Katika Marekani hulelewa na shule. Chuo kikuu huko si mahali pa vitabu tu; ni uwanja wa taifa. Uwanja wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi za watu zaidi ya 107,000, na hujaa kutazama wanafunzi.

Faida zake ni kubwa. Sheria ya mwaka 1972 iliamuru kwamba shule zinazopokea fedha za serikali zisiwabague wanawake, na michezo ikahesabiwa humo. Wasichana walipewa viwanja, walimu na misaada ya masomo. Si ajabu basi kwamba wanawake wa Marekani walitwaa Kombe la Dunia la mpira wa miguu mwaka 1991, 1999, 2015 na 2019, hali wanaume wao hawajalitwaa hata mara moja.

Wakenya nao walipita katika mlango huo. Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978: za mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alifariki mwezi wa Februari 2024, na rekodi za siku zile 81 bado zinasimuliwa. Julius Korir wa chuo hicho hicho alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984. Mwaka 1988 Paul Ereng na Peter Rono, wote wanafunzi wa vyuo vya Marekani, walipata dhahabu katika mita 800 na mita 1,500, na Ibrahim Hussein, aliyesoma New Mexico, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio ndefu za Boston.

Lakini kila lenye mbele lina nyuma. Kwa miaka mingi vyuo vilipata mamilioni kwa jasho la wanafunzi, na wanafunzi wenyewe walikatazwa kupokea malipo, ila karo, chakula na malazi. Ubishi huo ulifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2021 mahakimu wote walikubaliana kwamba vyuo haviko juu ya sheria za biashara. Mwaka ule ule wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa matangazo yanayotumia majina yao. Mwezi wa Juni 2025 jaji aliidhinisha mapatano ya kuviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Hivyo mstari uliotenganisha mwanafunzi na mfanya kazi unafutika, na kijana anayekwenda huko sasa anaingia katika biashara, apende asipende.

YA KUZINGATIWA

Kutokana na hayo, mzazi ambaye mwanawe anaitwa na chuo cha Marekani kwa sababu ya mbio au mpira afurahi, lakini asifurahi kabla ya kuuliza. Msaada huo ni wa mwaka mmoja, au ni wa miaka yote ya masomo? Kijana akivunjika mguu, nani atalipa hospitali, na je, atabaki darasani? Ruhusa yake ya kukaa nchini humo inamkubalia kupokea fedha, au itavunjwa akizipokea? Atasoma somo gani, na atapata cheti gani? Majibu yaandikwe katika karatasi, na yasomwe na mtu anayejua. Miguu huchoka ikiwa na umri wa miaka 35, lakini elimu haichoki.

Viongozi wa klabu nao wana la kuokota pande zote mbili. Kwa Wamarekani wajifunze kugawana mapato ya ligi kwa haki, ili klabu ya mji mdogo isife njaa, na kuweka hesabu wazi, maana mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mataifa mengine washike ngazi, wala wasikubali ivunjwe kwa ajili ya tajiri ye yote. Na juu ya hayo waandike katika katiba ya klabu, mapema, kabla mgeni hajaja na mkoba wa fedha, kwamba jina, rangi na makao ya klabu haviuzwi bila kura ya wanachama. Watu wa Brooklyn na wa Baltimore hawakuwa na karatasi ya namna hiyo.